Mzigo wa mwenzio si kanda la usufi: namna ya kumsaidia abiria kupandisha begi ndani ya ndege

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na walisema kwa kejeli: asiyeubeba ndiye anayeuona mwepesi. Mimi kejeli hiyo niliielewa ndani ya ndege ya asubuhi kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam. Mama mmoja wa makamo alikuwa anahangaika na begi lake jeusi mbele yangu, watu wamejaa nyuma, na mimi kwa kutaka thawabu za haraka nikalikwapua, nikalinyanyua kwa pumzi moja, nikalilaza kwa ubavu ndani ya kabati la juu na kulisukuma mpaka likaenea. Akafungua mdomo aseme kitu, nikamwambia, "Usijali, mama, limeshakaa."

Safari yenyewe ni dakika 20 tu. Hata katikati ya bahari hatujafika, tone la kwanza likaanguka. La pili. Chini ya kabati amekaa mzee mwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka. Ndani ya lile begi mlikuwa na chupa ya achari ya ndimu, na mama aliisimamisha kwa ustadi katikati ya nguo, upande wa juu ukiwa juu. Mimi ndiye niliyeilaza.

Tangu siku hiyo nasaidia bado, ila kwa utaratibu. Siye watu wa visiwani tumelelewa na gati na daladala. Pale bandarini Malindi, Unguja, au Mkoani, Pemba, mzigo hupita mkono kwa mkono, na konda hupokea kapu lako kabla hujamaliza kusalimia. Kumtazama mtu akihemewa na mzigo nawe umekunja mikono ni kukosa malezi, na sitamwambia mtu aache tabia hiyo. Lakini kwenye boti mzigo huwekwa chini, na ukianguka unaanguka sakafuni. Ndani ya ndege unapandishwa juu ya vichwa vya watu waliofungwa mikanda, katika njia nyembamba ambayo watu wawili hawapishani. Ndiyo maana msaada wa gatini hauwezi kuingia ndani ya ndege kama ulivyo.

Kwanza, ijue ndege unayoipanda

Ukienda Pemba, mara nyingi utapanda ndege ndogo kama Cessna Caravan, ya abiria 12 hivi. Humo hamna kabati la juu. Mashirika mengi ya ndege hizi huweka kikomo cha kilo 15 kwa mtu, tena wanataka begi laini, si sanduku gumu la magurudumu, kwa sababu mizigo huingizwa kwenye tumbo la ndege, na begi laini ndilo linalokubali kubanwa. Kwa hiyo msaada hapa ni wa nje, kutoka jengoni mpaka kwenye ngazi. Kanuni ni moja: fuata njia unayoonyeshwa, na usikate kona mbele ya ndege. Kwenye Caravan panga liko puani, na mlango wa abiria uko nyuma upande wa kulia. Mtu aliyebeba kapu la bibi begani haoni vizuri upande mmoja, na panga likizunguka halionekani kabisa.

Jambo jingine la ndege hizi ni mizani. Rubani hupanga watu na mizigo kwa uzito, ndipo unapoona mtu mnene anahamishwa kiti bila kuulizwa anapenda wapi. Basi usimsaidie mtu kwa kuficha kilo. Nimeona kijana kamvalisha nyanya yake makoti mawili na mifuko imejaa vileja. Tulicheka wote, pamoja na aliyekuwa anapima, lakini hesabu ya rubani si mahali pa mzaha.

Kwenye ATR na Dash 8, zile za mapanga mawili, makabati ya juu yapo lakini ni mafupi. Sanduku la magurudumu lililoingia bila taabu kwenye ndege kubwa kutoka Dubai au Addis Ababa, hapa halifungi mlango. Usiligombeze kwa goti. Mpe mhudumu, litachukuliwa na kuwekwa chini.

Ndege kubwa ndizo zenye nafasi, na ndizo zenye vituko, kwa sababu mtu akiona kabati kubwa hudhani limejengwa kwa ajili yake peke yake. Mashirika mengi yanayotua Kisauni, uwanja wa ndege wa Unguja, huruhusu kilo 7 za kuingia nazo ndani, machache hufika 12. Wewe na mimi tunajua kinachoingia.

Pili, maneno kwa mwenye begi

Mwongozo huu ni wa msaidizi, lakini nusu ya kazi inafanyika nyumbani kabla ya safari. Ukishafunga begi, lichukue ulipandishe juu ya kabati la nguo, peke yako, mara mbili. Ukishindwa, au ukiweza kwa kuguna, begi hilo si la kuingia nalo ndani. Toa vitu au lipeleke na mizigo ya chini.

Usitegemee wahudumu. Wengi wao wameelekezwa na waajiri wao wasiwanyanyulie abiria mabegi, na si kwa kiburi. Hesabu mwenyewe: ndege nzima ya watu, kila mmoja na begi lake, safari mbili au tatu kwa siku, mgongo gani utabaki? Atakuonyesha nafasi, atashika upande mmoja ukishika mwingine, basi. Uingereza, idara inayosimamia usalama kazini huwapa waajiri vipimo vya kukadiria: kitu kikiwa karibu na mwili, usawa wa kiuno, mwanamume kilo 25 na mwanamke 16. Kikipanda juu ya mabega, zinashuka hadi 10 na 7. Na mikono ikinyooshwa mbali na mwili huku juu, ni 5 kwa 3. Yaani begi lile lile lililokuwa jepesi ulipolitoa kwenye teksi, ukilifikisha juu ya kichwa limegeuka jingine, na wewe ni yule yule.

Vitu vingine havina haja ya kufika kabatini kabisa. Galoni la zamzam la lita 5 husafiri kwenye boksi lake na mizigo ya chini. Doriani liache nyumbani, hata kama msimu umekolea na shemeji yako wa Muscat amekuapia kuwa atanuna. Kabati likifunguliwa safari nzima inajua nani katoka Unguja. Halua iko sawa, ila kikapu chake cha ukili kikae mahali ambapo hakitakandamizwa na sanduku la mtu.

Tatu, kabla ya ukaguzi usishike cha mtu

Hapa nitakuwa mkali. Msaada ninaouzungumzia unaanza ndani ya mlango wa ndege. Kabla ya hapo, kwenye foleni ya mizani na ya ukaguzi, kuna ombi ambalo kila msafiri wa visiwani amewahi kulisikia: "Mwanangu, wewe una begi dogo, nichukulie hiki kimfuko tu." Anayekuomba anaweza kuwa mtu mwema kabisa ambaye kilo zimemzidi. Anaweza pia kuwa mtu mwingine. Kitakachokutwa mkononi mwako ni chako, na huko tunakokwenda wengi, Ghuba hasa, kosa la dawa za kulevya lina adhabu ya miaka mingi au ya kifo.

Jibu kwa adabu na kwa ufupi: "Bi mkubwa, samahani, sheria hairuhusu. Lakini twende nikusaidie kuongea na wa kaunta." Usieleze sana, maana maelezo marefu yanampa mtu mahali pa kubembelezea. Kumsukumia toroli huku yeye anatembea pembeni akishika begi lake, sawa. Kumpunguzia begi kwa kuweka vitu vyake ndani ya lako, hapana, hata kama mmetoka mtaa mmoja.

Nne, uliza, na ujue kulisoma jibu

Sasa mmo ndani. Unamwona mtu kasimama mbele ya kiti chake, mkono mmoja kwenye mpini wa begi, macho kabatini. Usianze na begi. Anza na yeye. Mkubwa wako mwamkie kwanza, hata kama foleni inasukuma:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nikupandishie?"

Maneno matatu hayo hayachukui hata sekunde tano, na yanabadilisha kila kitu. Bila hayo wewe ni mtu uliyemshika mtu begi lake. Kwa rika lako "kaka" au "dada" inatosha. Kwa mzee, "mzee wangu" au "babu". Ukiona kofia ya kiua na tasbihi, "maalim" haimkosei mtu hata kama hajawahi kufundisha chuo.

Kisha linakuja jibu, na hapa ndipo penye ufundi, kwa sababu kwetu neno la kwanza si mara zote neno la mwisho. Mtu aliyelelewa vizuri hakubali taabu ya mwenziwe papo kwa papo. "Usijitaabishe" si kukataa. Mara nyingi maana yake ni kwamba ameomba uthibitisho kuwa hujasema kwa kutimiza tu. Basi rudia mara moja: "Sina taabu, nipishe kidogo." Akiachia mpini, umepata ruhusa. Akisema, "Ahsante, nnaweza," na vidole vikabaki palepale kwenye mpini, hilo ni la kweli. Rudi nyuma hatua moja, umwachie nafasi, na usisimame unamtazama kama mwamuzi wa mpira. Ukiuliza mara ya tatu umeshakuwa kero.

Mwanamume akitaka kumsaidia mwanamke asiyemjua, yapo mambo mawili madogo ya kuzingatia. La kwanza, subiri aachie begi kabisa, au aliweke juu ya kiti na kujivuta pembeni, ndipo ulishike. Mikono isikutane kwenye mpini. Wapo wasiojali, lakini huwezi kumjua asiyejali kwa kumtazama buibui au suruali yake. La pili, zungumza na yeye, si na mwanamume aliye karibu naye. Najua wazee wetu wengine wataona ustaarabu ni kumwomba mume kwanza. Mimi naona begi ni lake, na mume kama yupo na hajalinyanyua, basi naye anasubiri msaada.

Wanawake nao wasaidiane, na wasione tabu kumsaidia mwanamume. Nimewahi kumwona msichana mrefu, mcheza mpira wa pete bila shaka, akimpandishia begi bwana mmoja mfupi mwenye kitambi. Bwana akatoa ahsante nzito kama ya harusini. Kimo ni kimo.

Na wageni je? Mtalii aliyetoka kupambana na watu wa teksi hana hakika kama unataka kumsaidia, kumwibia au kumdai. Mwonyeshe kwa mkono begi, kisha kabati, kisha nyanyua nyusi. Akitikisa kichwa kukubali, endelea. Lugha haikuhitajika.

Tano, maswali mawili kabla ya kunyanyua

Haya ndiyo niliyoyaruka siku ya achari.

"Mna cha kuvunjika au kumwagika?" Mwenye begi atajibu papo hapo, kwa sababu kitu hicho kimekuwa moyoni mwake tangu nyumbani. Atakuambia upande gani ukae juu. Ukisikia neno chupa, dumu au mayai, msishauriane sana: kitu hicho kitoke kikae miguuni, chini ya kiti cha mbele.

"Kuna utakachohitaji njiani?" Dawa, miwani, simu, pasi, maziwa ya mtoto. Mgonjwa anayetoka Pemba kwenda kutibiwa anaweza kuwa na dawa za kumeza kila baada ya saa kadhaa, na begi likishafukiwa nyuma ya masanduku manne hatathubutu kuomba. Atakaa na maumivu yake kwa haya. Swali lako ndilo linalomwokoa.

Sita, kunyanyua kwenyewe

Fungua kabati kwanza uone. Watu wengi hunyanyua begi, halafu ndipo wanagundua kabati limejaa, wakabaki wamelishikilia hewani kama mtu anayeinua kombe, wakizunguka kushoto na kulia huku magurudumu yakipita sentimita mbili kutoka kwenye vipaji vya nyuso za watu.

Mwambie aliyekaa kiti cha njiani. "Samahani, kichwa." Anayeumia begi likiponyoka ni huyo, siyo wewe wala mwenye begi. Akiweza kusimama au kuinamia dirishani, vizuri zaidi. Akiwa na mtoto mapajani, subiri mtoto ahame.

Sasa lishike begi kwa mikono miwili, mmoja kwenye mpini wa juu, mwingine chini karibu na magurudumu. Lilete kifuani. Usilinyanyue kutoka sakafuni moja kwa moja mpaka kabatini. Lipumzishe njiani, kwenye mkono wa kiti au juu ya kiti kilicho wazi, upate kubadilisha mikono. Miguu iwe imepishana kidogo, mmoja mbele, magoti yasikakamae. Geuka kwa miguu, usigeuke kwa kiuno. Mgongo wa mtu huharibika pale kiuno kinapopinda na mzigo uko juu. Begi likiwa usawa wa mdomo wa kabati, tanguliza magurudumu, egemeza, halafu sukuma kwa kiganja. Kwenye makabati mengi mpini ukibaki nje, kushusha kunakuwa rahisi, na mwenye begi analijua begi lake kwa mpini.

Likiwa zito, muwe wawili, kila mmoja na upande wake, na mmoja tu ahesabu. Kwetu hesabu ni "Bismillahi", na wote mnajua ni lini. Tatizo linakuja pale mmoja anaponyanyua kwenye "Bismi" na mwingine anasubiri "llahi", kwa hiyo elewaneni.

Kama mgongo wako una historia, kama umefanyiwa upasuaji karibuni, kama una mimba, usinyanyue kwa kuona haya. Sema, "Samahani, mgongo wangu mbovu," kisha mwite mwenye nguvu aliye nyuma yako. Kumwitia mtu msaada ni msaada, na mara nyingi ndio bora kuliko nguvu za kujaribu. Mfungaji aliyeshinda na njaa katika ndege ya alasiri ya Ramadhani naye asitake kuonyesha ushujaa.

Vitu vya wengine vilivyomo kabatini usivihamishe kimyakimya. Inua sauti kidogo: "Hiki kikapu cha nani? Naweza kukisogeza?" Mwenye kikapu ataitika kutoka viti vitatu nyuma, atakuja mwenyewe kukisogeza, na halua itabaki na umbo lake. Na nafasi ikikosekana, usilipeleke begi la mama nyuma kabisa ya ndege kwa kuwa huko ndiko uliona pengo. Wakati wa kushuka itambidi apande mto kinyume na maji. Likipatikana pengo mbele ya kiti chake ni afadhali, maana atalipitia akitoka. Usisahau kumwonyesha: "Liko pale, mama, chini ya lile jekundu."

Saba, likichukuliwa mlangoni

Kabati zikijaa, mhudumu atasema mabegi yaliyobaki yanakwenda chini. Hapa msaada wako ni kumbukumbu. Mkumbushe mwenye begi atoe pasi, pesa, dawa, dhahabu za harusi kama zimo, na betri za kuchajia simu. Betri kama hizo za lithiamu, zisizofungwa ndani ya kifaa, haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini kwa sababu zikishika moto huko hakuna wa kuuzima. Ndani zinaruhusiwa, kwa kawaida hadi wati-saa 100 bila kuomba kibali. Wazee wengi hawajui kuwa kile kidude alichowekewa na mjukuu ni betri. Uliza, "Kuna cha kuchajia simu humu?" Ataelewa.

Nane, wakati wa kushuka

Magurudumu yakigusa lami tu, watu wanasimama. Tabia hii haina dawa. Wewe kaa mpaka taa ya mkanda izime, halafu fungua kabati taratibu, kiganja kimoja kikiwa tayari kwenye mwanya, kwa sababu mizigo huhama njiani na cha kwanza kuanguka ni kile usichokitegemea: kopo la maziwa ya unga, mwavuli, kiatu.

Uliyempandishia, mshushie. Hii kwangu ni kama deni. Ukimpandishia bibi begi halafu ukatoka mbio kuwahi foleni ya uhamiaji, umemwacha chini ya mzigo ambao peke yake asingeuweka pale. Kama umekaa mbali naye, mkabidhi kwa mtu kabla ya safari kuanza: "Kaka, tukifika utamshushia bi mkubwa huyu?" Sijawahi kuona aliyekataa. Na likishuka, liweke juu ya kiti mpini ukimwelekea, usimtupie njiani akaanza kusukumwa.

Upo wakati mmoja tu ambapo msaada huu wote ni haramu. Ni pale wahudumu watakaposema tokeni, acheni kila kitu. Tarehe 2 Januari 2024 ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani kwenye uwanja wa Haneda, Tokyo, ikawaka moto. Watu wote 379 waliokuwemo kwenye ndege ya abiria walitoka hai, na mabegi yao yaliteketea ndani. Siku kama hiyo akikuambia mtu, "Nishushie begi langu," mshike yeye mkono, mpeleke mlangoni.

Kuhusu shukurani na hasara

Abiria si hamali, hapewi pesa. Ukipewa noti, irudishe kwa upole ukisema, "Niombee dua tu." Kileja au kipande cha halua ni habari nyingine, hicho pokea, kwa mkono wa kulia, na ukile pale pale ili aliyekupa afurahi. Nawe uliyesaidiwa, ahsante moja inatosha. Usimsimulie mtu wa watu maradhi yako yote mpaka Dar.

Ukivunja au kumwaga, sema wewe kabla hujaulizwa, na usimtupie lawama mwenye begi kwa kufunga vibaya. Siku ile ya achari mama hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Mwanangu, kwa nini hukunisikiliza?" sikuwa na jibu. Doa la manjano lilikuwa limeshashuka kutoka begani mwa mzee mpaka kifuani, mafuta na bizari, na harufu ya ndimu imejaa safu tatu za viti. Tulipotua nilimfuata mzee pale kwenye ngazi, nikamwamkia tena, nikatoa shilingi elfu 20 za dobi.

"Usijitaabishe," akasema.

Nikamwambia sina taabu. Akazipokea.